Ferrari ya Dola milioni 51.7 bado haijampita bingwa

Novemba 2023 jijini New York, Ferrari 250 GTO ya mwaka 1962 ilipigwa mnada kwa Dola milioni 51.7, rekodi kwa Ferrari mnadani. Mkwanja wa kutisha, wakati mbioni ilishika nafasi ya pili Nürburgring, kisha Le Mans ikaishia njiani.

Aliyeshika rekodi kabla yake ni ndugu yake aliyeuzwa California mwaka 2018 kwa Dola milioni 48.4. Chuma hicho ndicho kilichompa Edoardo Lualdi-Gabardi ubingwa wa Italia mwaka 1962. Bingwa kapitwaje?

Jibu liko kwenye ukoo. Ya New York iliendeshwa na timu ya kiwanda yenyewe, Scuderia Ferrari, kisha ikatulia kwa mmiliki mmoja miaka 38. GTO zilitengenezwa 36 tu, hivyo tajiri anayenunua hatafuti kasi, anatafuta historia.

Lakini tusidanganyike na namba. Dola ya 2018 ilikuwa nzito: milioni 48.4 za wakati ule ni kama milioni 59 za 2023. Wauzaji nao walitarajia zaidi ya milioni 60. Kwa hesabu hiyo, bingwa bado yuko mbele.