Kompyuta inaposema fedha hazipo: Funzo la Horizon kwa biashara

Biashara kubwa za leo huongozwa kwa mifumo ya taarifa. Kashfa ya posta nchini Uingereza inaonyesha kinachotokea pale wakubwa wanapouamini mfumo kuliko watu wanaoutumia.

Mwenye duka anapofunga hesabu jioni, hulinganisha daftari na fedha zilizomo kwenye droo. Visipolingana, hurudi nyuma mstari kwa mstari mpaka aone kosa liko wapi. Lakini daftari likiwa ndani ya kompyuta iliyo mbali, na yeye haruhusiwi kuona kila kilichoandikwa humo, atarudi nyuma vipi?

Hayo ndiyo yaliyowakuta mawakala wa posta nchini Uingereza. Kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya 900 kati yao walitiwa hatiani kwa makosa kama wizi na udanganyifu wa hesabu, kwa kutegemea takwimu za mfumo wa kompyuta uitwao Horizon. Takriban 700 kati ya kesi hizo zilifunguliwa na kampuni ya posta yenyewe, Post Office.

Mfumo wa taarifa ni nini?

Mfumo wa taarifa za usimamizi, kwa lugha nyepesi, ni mpangilio wa watu, kompyuta na taratibu unaokusanya kumbukumbu za miamala na kuzigeuza kuwa ripoti za kufanyia uamuzi. Humwambia meneja kilichouzwa, kilichobaki ghalani na nani anadaiwa.

Kampuni yenye maelfu ya matawi haiwezi kuishi bila mfumo kama huo, kwa sababu mkurugenzi hawezi kufungua kila droo. Tawi la mbali analiona kupitia ripoti tu. Hatari nayo iko hapo hapo: ripoti ni maelezo kuhusu fedha, na maelezo yanaweza kukosewa.

Pauni 8,000 zageuka 32,000

Horizon ilitengenezwa na kampuni ya ICL, iliyomilikiwa na Fujitsu ya Japani, na ilianza kusambazwa kwenye matawi mwaka 1999. Ilichukua nafasi ya hesabu za karatasi.

Kasoro moja iliyokuja kuchunguzwa mahakamani inaeleza mengi. Mwaka 2015, katika tawi moja huko Uskoti, zilipokelewa pauni 8,000 taslimu. Kitufe cha kuthibitisha kilibonyezwa, skrini haikusogea, kikabonyezwa tena na tena. Mfumo ukaandika mapokezi hayo mara nne, jumla pauni 32,000. Kwa hesabu ya kompyuta, pauni 24,000 zilikuwa zimepotea, ingawa hakuna hata senti iliyotoka.

Kwa nini hawakusikilizwa?

Programu nyingi huwa na kasoro. Swali ni kwa nini ziligeuka kuwa vifungo vya jela.

Kwanza, Post Office iliuchukulia mkataba wake kama unaomtaka wakala afidie pengo lolote la hesabu. Wengi walilipa kwa akiba zao, wengine wakakopa. Pili, wakala hakuwa na njia ya kuchunguza pengo lilikotoka, na wengi wanasema waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo. Tatu, Post Office ilikana kwa miaka kwamba wafanyakazi wa Fujitsu wangeweza kuingia kwenye hesabu za tawi wakiwa mbali. Wangeweza.

Sheria nayo iliongeza uzito. Mageuzi ya mwaka 1999 yaliondoa sharti la upande wa mashtaka kuthibitisha kwamba kompyuta ilifanya kazi sawasawa. Mahakama zikadhani iko sawa mpaka mshtakiwa aonyeshe vinginevyo, naye hakuwa na nyaraka za kuonyesha. Mwaka 2010, mwanamke mmoja mjamzito alipelekwa jela katika mazingira hayo.

Ukweli wachukua miaka 20

Alan Bates, aliyepoteza tawi lake nchini Wales mwaka 2003, aliwakusanya wenzake wakafika 555 na kuishitaki Post Office. Desemba 2019, Jaji Peter Fraser aliamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo. Msimamo wa kampuni aliufananisha na wa mtu anayeshikilia kuwa dunia ni bapa. Mei 2024, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta mamia ya hukumu kwa pamoja.

Sehemu ya kwanza ya ripoti ya uchunguzi wa umma, iliyotolewa Julai 2025, ilisema huenda watu wasiopungua 13 walijiua kutokana na mkasa huo.

Maswali kwa kila biashara

Afrika Mashariki inalijua vizuri neno wakala. Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwaka 2007, maelfu kwa maelfu ya mawakala wa fedha za simu hufunga siku kwa kulinganisha floti ya kwenye simu na fedha taslimu mkononi. Maduka, vyama vya ushirika na hospitali nazo zinahamisha hesabu kutoka kwenye madaftari.

Kabla ya kununua mfumo, mwenye biashara huuliza bei na kasi yake. Horizon inaongeza maswali matatu. Je, mfanyakazi anaweza kuona na kuchapisha kumbukumbu za miamala yake? Je, kuna mwingine anayeweza kuzibadilisha, na akifanya hivyo jina lake linabaki? Na hesabu zikigongana, nani atachunguza asiyekuwa muuzaji wa mfumo wala bosi?

Pasipo majibu, kosa la mashine litabebwa na mtu wa chini kabisa, yule anayekaa karibu na droo.