Tiketi ya Pomboo Isinunuliwe kwa Pupa

Askari apataye likizo akavuka mpaka kwenda kupumzika Unguja hana lawama. Huko Kizimkazi, kusini mwa kisiwa, wageni hupanda boti kwenda kuogelea na pomboo. Lakini wako wanaomlipa mtu wa kwanza aliyewalaki njiani, pasipo kuuliza boti ni ya nani wala ina maboya mangapi.

Yafaa ifahamike kwamba pomboo wale hawakufugwa. Zamani wavuvi waliwawinda wapate chambo cha papa. Utalii ulipoanza katika miaka ya 1990, pomboo aliye hai akawa na faida kuliko aliyekufa. Hata hivyo, boti nyingi zikimzingira hukosa nafasi ya kupumzika, kula na kunyonyesha. Kwa sababu kama hiyo, mwaka 2021 Marekani ilipiga marufuku kuogelea karibu na aina moja ya pomboo wa Hawaii kwa umbali usiofika meta 45.

Basi kabla ya kutoa fedha, askari aulize: boti itachukua watu wangapi? Pomboo wakikimbia, nahodha atawafukuza? Anayeapa kwamba mgeni lazima atawagusa asilipwe hata senti. Atakayelipwa atoe stakabadhi yenye jina la boti, siku na saa.

Mwenye sare amefunzwa kutomwonea asiyeweza kujitetea. Likizo humvua sare; wajibu huo haimvui.