Wito kwa wazazi wa softiboli: tuijue sheria kabla ya kumzomea mwamuzi

Ninawaandikia wazazi wenzangu mnaolea watoto Marekani. Msimu wa softiboli ukianza, viwanja vya Columbus, Dallas, Minneapolis na Louisville hujaa mabinti wenye helmeti na glovu, wakiwemo wetu. Sisi tunakaa nyuma ya wavu na viti vya kukunja, chupa za maji na sauti zetu. Wengi wetu tumekulia kwenye kandanda na netiboli, na mchezo huu tumeupokea ukubwani kwa kuwa mtoto ameupenda. Tunamshangilia kwa moyo wote, na hilo ni jema. Shida huanza mwamuzi anapoinua ngumi kuonyesha kwamba mkimbiaji ametolewa, nasi tuliojiridhisha kuwa binti amefika tunalipuka: "Upendeleo huo!"

Ninaloomba ni hili: tuijue sheria kabla ya kumzomea anayeisimamia. Usilolijua ni usiku wa giza, na kelele zetu nyingi hutoka humo gizani. Nyingi zinahusu kukimbia besi, basi nianzie hapo.

Mnaotazama besiboli kwenye televisheni mmezoea kumwona mkimbiaji akijisogeza mbele ya besi kabla mpira haujarushwa. Katika softiboli ya mabinti haruhusiwi. Mguu wake ubaki umegusa besi mpaka mpira utoke mkononi mwa mrushaji. Akitangulia, hata kwa nusu hatua, kwa kanuni za ligi nyingi mwamuzi husimamisha mchezo, urushaji ule hauhesabiwi, na mkimbiaji anatolewa. Kwa sisi tuliokaa huonekana kama ametolewa bila kosa, maana macho yetu yalikuwa kwa mpigaji. Ni kama kuotea kwenye kandanda: anayetazama mahali mshambuliaji alipoupokea mpira atalalamika kila wiki, kwa sababu kinachopimwa ni pale alipokuwa pasi ilipopigwa. Mwamuzi wa softiboli naye anapima sekunde moja ambayo watazamaji wengi hawaitazami.

Halafu kuna duara la mrushaji, lenye kipenyo cha futi 16, yaani karibu mita tano. Mpigaji akishafika besi ya kwanza, na mrushaji akiwa na mpira mkononi ndani ya duara lile, mkimbiaji aliye nje ya besi hana ruhusa ya kusimama akimtega. Anaweza kusita mara moja, lakini hapohapo achague: aende mbele au arudi. Akishachagua asibadili nia, isipokuwa mrushaji mwenyewe ajaribu kumtoa. Anayecheza kwenda na kurudi hutolewa bila mtu kumgusa. Mzazi asiyeijua kanuni hii huuliza kwa hasira, "Nani kamgusa?" Jibu ni kwamba hakuna aliyehitajika kumgusa.

Kugusa nako kuna utaratibu wake. Mpigaji akipiga mpira ukaenda chini, lazima akimbilie besi ya kwanza. Ikiwa mwenzake alikuwa amesimama hapo, naye hana budi kuhamia ya pili, kwa kuwa besi moja haikaliwi na wawili. Mkimbiaji aliyelazimishwa hivyo hutolewa mlinzi mwenye mpira anapoikanyaga tu besi anayoiendea. Lakini kama nyuma yake hakuna anayemsukuma, anaweza kubaki alipo, na akiamua kukimbia ni sharti aguswe mwilini kwa mpira au kwa glovu yenye mpira. Kwa hiyo tukio linalofanana kabisa machoni linaweza kutolewa uamuzi mmoja sasa hivi na uamuzi mwingine dakika kumi baadaye. Huo si ugeugeu. Tazama kwanza nani alikuwa besi gani kabla mpira haujapigwa.

Kanuni inayowashangaza wageni wa mchezo huu kuliko zote ni ile ya mpira wa juu wa ndani. Tuseme kuna wakimbiaji besi ya kwanza na ya pili, au besi zote tatu zimejaa, na waliotolewa hawajafika wawili. Mpigaji anaupaisha mpira, nao unashuka mahali ambapo mlinzi wa ndani anaweza kuudaka bila taabu. Mwamuzi hutangaza mpigaji ametolewa mpira ukiwa ungali hewani. Hata mlinzi akiuangusha, uamuzi unabaki vilevile. Kanuni hii inawalinda wakimbiaji. Bila yake, mlinzi mjanja angeuangusha mpira makusudi, na wakimbiaji waliosubiri udakwe wangetolewa wawili kwa mpigo. Kumbuka pia kwamba mchezo unaendelea: wakimbiaji wanaruhusiwa kusonga, kwa hatari yao wenyewe.

Mara nyingine kinachotukera ni ukimya wa mwamuzi. Mpira wa juu ukidakwa, mkimbiaji anapaswa kuwa amegusa besi yake ndipo aondoke, naye anaweza kuondoka tangu mlinzi wa kwanza alipougusa mpira. Akiwahi, au akipita besi bila kuikanyaga, mwamuzi huona lakini hasemi. Sheria inamtaka asubiri timu pinzani ilalamike yenyewe kabla ya urushaji unaofuata. Wasipolalamika, jambo limepita. Ukimwona amenyamaza, usidhani amesinzia.

Yapo pia mambo yanayorithishwa kutoka kiti hadi kiti ambayo si kweli. Wapo wanaosema mikono ya mpigaji ni sehemu ya gongo. Sivyo, mikono ni sehemu ya mwili wake. Wengine wanadai aliyeipita besi ya kwanza kwa mbio akageukia kushoto anaweza kuguswa na kutolewa. Kwa kweli yuko salama mradi anarudi besini moja kwa moja na hajajaribu kwenda ya pili. Na ule usemi wa "wakifika pamoja, mkimbiaji kashinda" haumo katika maandishi ya sheria. Mwamuzi haamui sare. Anaamua nani alitangulia, mpira au mguu.

Je, mwamuzi hakosei? Hukosea. Mechi nyingi za watoto zina mwamuzi mmoja au wawili, na besi ziko futi 60 kutoka moja hadi nyingine, kama mita 18. Mtu mmoja hawezi kutazama mguu wa mkimbiaji wa besi ya tatu na glovu ya besi ya kwanza kwa wakati uleule. Ndiyo maana sheria imetenganisha mambo mawili. Alichokiona kwa macho, kwamba huyu amefika au hajafika, hakikatiwi rufaa. Lakini akiitumia sheria visivyo, kocha ana haki ya kuomba muda, kumwendea kwa adabu na kuweka pingamizi kabla ya urushaji unaofuata. Nafasi hiyo ni ya kocha. Anayepiga kelele nyuma ya wavu hana anachoweza kubadilisha, hata kama ana hoja nzuri.

Kelele hizo zina gharama. Shirikisho la kitaifa la michezo ya shule za sekondari nchini Marekani lilieleza kwamba takriban waamuzi 50,000 wa michezo mbalimbali waliacha kazi kati ya msimu wa 2018-19 na ule wa 2021-22. Janga la korona lilichangia, na matusi ya watazamaji yalichangia. Mwaka 2023, ligi ya watoto ya Deptford, jimbo la New Jersey, ilipoona waamuzi wake wa kujitolea wanaondoka kwa sababu ya matusi, iliweka kanuni mpya: mtazamaji atakayekiuka maadili hataruhusiwa kurudi kutazama mpaka awe mwamuzi katika mechi tatu. Ligi nyingine huwapa kazi hii vijana wa sekondari. Huyo unayemwita kipofu huenda ana umri wa mwanao mkubwa.

Wapo miongoni mwetu wanaotukana kwa Kiswahili wakijua mwamuzi haelewi. Binti yako anaelewa. Anayasikia yote akiwa amesimama besi ya pili, na wenzake wakimuuliza, "Mama yako anasema nini?" hana la kujibu.

Basi ninawaomba tufanye mambo manne msimu huu. Kwanza, mwombe kocha kanuni za ligi yenu na uzisome, maana hutofautiana. Ligi za watoto wadogo huenda zisiruhusu kuiba besi, au zisimruhusu mpigaji kukimbia mdakaji anapouangusha mpira wa straiki ya tatu. Ambaye Kiingereza kinampa shida, asomewe na binti yake. Yeye ndiye mtaalamu wa nyumba katika jambo hili, na atafurahi kuulizwa. Pili, ukiona uamuzi usiouelewa, uweke moyoni na umuulize kocha mechi ikiisha. Kuuliza si ujinga. Tatu, kabla ya kuondoka uwanjani, mpite mwamuzi umwambie asante, hasa siku tuliyoshindwa. Nne, wachache wetu tujiandikishe kwenye mafunzo ya uamuzi ambayo ligi huyatoa kabla ya msimu. Wapo mabinti wetu wengi wanaocheza, lakini mwamuzi mwenye jina la kwetu ni nadra kumwona. Tukilalamika kwamba hatutendewi haki, tuwe pia tayari kuvaa barakoa ya chuma na kuisimamia haki hiyo kwa watoto wote.

Huenda ligi yenu inatafuta waamuzi sasa hivi. Mpigie kocha simu wiki hii, uulize mafunzo yanaanza lini.