Kiswahili Langoni, Kiswahili Jikoni: Mbona si Mezani?

Mtaa wa Karen, kusini-magharibi mwa Nairobi, unajulikana kwa miti yake. Mijakaranda na mikuyu mikongwe imezifunika barabara zake, na nyuma ya nyua zilizokatwa zikalingana zimejificha nyumba za mawe zenye mapaa ya vigae, zilizojengwa enzi za walowezi. Baadhi ya nyumba hizo leo ni mikahawa. Wakwasi wa jiji, mabalozi, watalii na, mara mojamoja, wahadhiri wanaosherehekea kupandishwa vyeo, huenda huko kwa staftahi, chamcha au chajio. Huketi barazani au bustanini chini ya miavuli, wakala na kunywa na kupunga hewa. Starehe hiyo haina ubaya. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Linalomhusu mwanafunzi wa Kiswahili ni jambo jingine, nalo ni mahali ambapo lugha yake imewekwa katika mikahawa ya aina hiyo.

Msomaji na aifuate njia ya mlo tangu langoni. Bawabu humkaribisha mgeni kwa Kiswahili na kumwonyesha pa kuegesha gari. Juu ya mlango pamechongwa neno "Karibu" kwa herufi za mapambo, na pengine chumba cha faragha kimepewa jina la mnyama wa porini, Simba au Twiga, almuradi mtalii ajue kuwa amefika Afrika. Mgeni anaketi, analetewa menyu, na hapo Kiswahili kinakatika ghafla. Menyu yote ni Kiingereza. Mhudumu ambaye sekunde chache zilizopita alikuwa akitaniana na mwenzake kwa Kiswahili fasaha anabadilisha sauti na lugha, hata kama mgeni aliye mbele yake ni Mkenya aliyekulia Voi au Nakuru. Agizo likishaandikwa na kupelekwa jikoni, Kiswahili kinarejea kwa kishindo: mafuta yamepata moto, kitunguu kimeisha, wa meza ya nne wanangoja. Kwa hiyo lugha ya taifa hufungua lango, humenya viazi, hupika na kuosha vyombo. Kuketi mezani ndiko kusikoruhusiwa.

Wenye mikahawa wana jibu lao, nalo halifai kupuuzwa. Husema kwamba wateja wao wengi ni wageni, na kwamba mgeni hawezi kuagiza asichokielewa. Jibu hilo lingekuwa zito kama menyu zenyewe zisingalijaa Kiitaliano na Kifaransa. Majina ya tambi za Italia, ya jibini za Ufaransa na ya namna kumi za kutengeneza kahawa huachwa katika lugha zake za asili, na mteja asiyeyajua hujifunza kimyakimya kwa kuona haya. Anayetamka "bruschetta" visivyo huchekwa. Asiyejua kasimile ni nini hachekwi, kwa kuwa kasimile haijapata kuandikwa humo. Ni Kiswahili peke yake kinachoambiwa kuwa hakitaeleweka, tena katika nchi yake.

Ukweli ni kwamba tatizo si kueleweka. Katika jiji la Nairobi Kiswahili kimefungamanishwa na urahisi wa bei. Kwenye kibanda cha kando ya barabara, vyakula huandikwa ukutani kwa chaki au rangi: ugali, sukuma, maharagwe, chapati, matumbo. Hapo hakuna anayehofia kwamba mteja hataelewa. Chakula kilekile kikipanda hadhi na kuingia bustanini, huvuliwa jina au hulazimika kufuatwa na sentensi ndefu ya Kiingereza inayoeleza harufu yake, kana kwamba kinaomba radhi kwa kuja. Mteja hulipia ile sentensi pia.

Mpangilio huu haukuanza jana. Walowezi waliotwaa mashamba ya nyanda za juu walihitaji lugha ya kuwaamuru wafanyakazi, wakajitengenezea kile kilichokuja kuitwa Kisetla. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha mazoezi, Up-Country Swahili, kilichotaja waziwazi watu waliokusudiwa: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Kisetla kilipuuza upatanisho wa ngeli, na pamoja na ngeli kikaacha adabu ya lugha. Kilikuwa na lete, ondoa, safisha na upesi, lakini hakikujua "naomba", wala "kama hutajali", wala "ahsante kwa chakula". Lugha ambayo kwao pwani ilikuwa na tenzi, sheria na barua za mapenzi ilifanywa kengele ya kumwitia mpishi. Anayeshangaa kwa nini Kiswahili hakisikiki barazani na aanze kwa kukumbuka jinsi kilivyosikika barazani hapo kabla ya mwaka 1963.

Hapa inafaa kumtaja mpishi mmoja. Karen Blixen, Mdenmaki aliyeishi Kenya kuanzia mwaka 1914 hadi 1931 na kulima kahawa chini ya vilima vya Ngong, aliandika juu ya Kamante Gatura katika kitabu chake Out of Africa kilichotoka mwaka 1937. Kamante, kijana Mkikuyu, aliajiriwa nyumbani mwake na kupanda hadi akawa mpishi mkuu, akawapikia wageni mashuhuri vyakula vya Kizungu ambavyo yeye mwenyewe hakuvipenda. Hakujua kusoma, hivyo mapishi yote aliyahifadhi kichwani. Blixen anasimulia kwamba Kamante aliviita baadhi ya vyakula kwa matukio ya siku alipofundishwa kuvipika. Palikuwa na mchuzi wa siku radi ilipoupiga mti, na mwingine wa siku alipokufa farasi wa kijivu.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi asilipite jambo hilo haraka. Kamante alikuwa akiunda menyu. Alitumia mbinu ileile ambayo jamii nyingi za Kenya hutumia kuwapa majina watoto waliozaliwa wakati wa njaa, mvua au safari, akaihamishia kwenye sufuria. Blixen aliona ni kioja cha kupendeza na akakisimulia kwa ucheshi. Nyumba aliyoishi ilitolewa na serikali ya Denmaki kuwa zawadi ya uhuru, na tangu mwaka 1986 imekuwa makumbusho. Filamu iliyotokana na kitabu chake ilitoka mwaka 1985 na kuvuta watalii wengi. Mikahawa ya mtaani humo huuza anga ya enzi hiyo kwa picha zilizofifia, viti vya ngozi na taa za mafuta. Umbuji wa mpishi umeachwa nje ya biashara hiyo. Mchuzi wa radi ungemvutia mtalii kuliko sentensi yoyote ya Kiingereza iliyopo katika menyu hizo, na ungekuwa na historia ya mahali penyewe.

Hali ya kahawa inachekesha zaidi, maana mtaa huo ulitokana na shamba la kahawa. Shamba la Blixen lilifilisika, ardhi ikauzwa na kugawanywa viwanja, na kahawa yenyewe kwa miaka mingi ikabaki zao la walowezi. Wakulima Waafrika walianza kuruhusiwa kuilima kwa kiasi kidogo katika miaka ya 1930, sehemu kama Kisii na Meru, na ruhusa hiyo ilipanuliwa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Lakini kinywaji hicho kilikuwa na makao katika Kiswahili zamani za kale. Mji wa Kale wa Mombasa una kahawa chungu, kahawa ya tangawizi, buni, mdila wa shaba juu ya makaa, na muuzaji anayegonganisha vikombe ili watu wamsikie akija. Kahawa hiyo huambatana na kashata au halua, na barazani huambatana na mashairi na siasa. Neno "mkahawa" lenyewe limezaliwa humo. Ni ajabu ya Musa kwamba mtu anaweza kuketi mkahawani saa tatu nzima, katika mtaa uliozaliwa na kahawa, asilisome neno kahawa mahali popote.

Hata hivyo, nyani haoni kundule. Lawama zote zikitupiwa wenye mikahawa, wapenzi wa Kiswahili watakuwa wamejikwepa. Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka 1904, inatazamana na Chuo Kikuu cha Nairobi. Baraza yake ilipewa jina la Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, ilhali barabara inayopita mbele yake leo inaitwa Harry Thuku, yule ambaye wafuasi wake, akiwemo Muthoni Nyanjiru, walipigwa risasi karibu na hapo tarehe 16 Machi 1922 walipodai aachiliwe. Vizazi vya wasomi wa Kiswahili vimevuka barabara hiyo. Ni wangapi kati yao, walipofika upande wa pili, waliagiza chai kwa Kiswahili? Wengi hutoka kwenye kongamano walikoitetea lugha kwa machozi, wakaketi mbele ya kitambaa cheupe, na midomo ikabadilika. Mhudumu hujifunza kwa mteja. Asiyesikia Kiswahili kikitumiwa na mtu aliyevaa tai atakisadiki vipi?

Tena wasomi hao wameunda istilahi ambazo hazijawahi kunusa mvuke. "Kitindamlo" ni neno zuri, limo madarasani na katika mitihani, lakini wanaolijua wengi wao hawajapata kulila. Istilahi ya chakula isiyofika kwenye sahani haina tofauti na mbegu ghalani.

Kinachohitajika si kutafsiri menyu za Kiingereza neno kwa neno. Mtafsiri aliyefungua kamusi kwa pupa ataivisha saladi mavazi, na wateja watacheka kwa haki. Menyu ni utanzu, na una mtindo wake. Sentensi zake ni fupi, vitenzi vyake ni vya mikono na moto. Kwa hilo Kiswahili ni tajiri kupindukia: kubanika si kuchoma, kutokosa si kuunga, kupalia si kuoka. Wali huweza kuwa mchele mchele, rojorojo au kuwa na ukoko, chumvi hukolea, mchuzi usio na ladha huitwa chapwa. Jaribio dogo litatosha:

Kuku wa kupaka. Kuku aliyebanikwa juu ya makaa, akapakwa tui zito lililopikwa kwa bizari, kitunguu saumu na ndimu hadi likashika. Huliwa kwa wali au mkate.

Mbaazi za nazi na mahamri. Mbaazi zilizotokoswa hadi zikalainika, zikaungwa kwa tui la kasimile. Mahamri ya iliki, yaliyoumuka usiku kucha.

Maelezo hayo hayana neno la kuhitaji kamusi, na Kiingereza kinaweza kuandikwa chini yake kwa herufi ndogo zaidi, kama ambavyo Kiswahili huandikwa mahali pengi leo, kinapoandikwa. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kimeifanya lugha hii kuwa ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Lakini hakimlazimishi mwenye mkahawa, na pengine ni heri, kwa sababu menyu ya kulazimishwa ingekuwa na ladha ya waraka wa serikali.

Kazi hii inavifaa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili kuliko maandamano na makongamano. Kila mwaka vyuo vinatoa wahitimu wanaoambiwa kuwa nje ya ualimu na utangazaji hakuna soko. Wakati huohuo mapishi ya mama na bibi wa Lamu, Mombasa na Vanga, pamoja na msamiati wake wote, yamebaki vinywani mwao bila kurekodiwa ipasavyo. Tasnifu ngapi zimeandikwa juu ya mofolojia ya kitenzi, na ngapi juu ya vitenzi vya jikoni? Wanafunzi watano wenye daftari na kinasa sauti wanaweza, kwa likizo moja, kukusanya maneno ya kutosha menyu ya mkahawa mzima, kisha wakaenda nayo Karen wakabisha hodi. Mwenye mkahawa akikubali kujaribu kwa mwezi mmoja, hatagharimika zaidi ya karatasi.