Majirani wa Kisiwa cha Pate Tuliowatenga Vitabuni

Mwanafunzi wa sekondari akisikia jina la Mwana Kupona binti Mshamu hukumbuka wasia wa mama kwa bintiye, utii kwa mume, kumpepea alalapo na kujipamba kwa ajili yake. Na akisikia Al-Inkishafi hukumbuka mauti na dunia isiyodumu. Walakini ukimwuliza watunzi hao walikaa wapi, majirani zao walikuwa akina nani, na ni habari gani zilizokuwa zikizungumzwa barazani zama walizotunga, aghalabu hana jawabu, wala taksiri si yake, kwa kuwa hata mwalimu wake hakupata kuambiwa. Tumewachukua watu waliokuwa majirani, waliooana, waliosaidiana na kupigana, tukamweka kila mmoja katika sura yake ya kitabu kama mgeni asiyemjua mwenziwe. Na kwa kufanya hivyo, naona mimi, tumejinyima ufunguo wa kuwafahamu.

Kisiwa cha Pate, katika funguvisiwa la Lamu, si kikubwa. Mji wa Pate uko upande wa kusini-magharibi. Siyu imejificha mwisho wa mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, ambako chombo hakiingii mpaka maji yajae. Na Faza, ambayo wazee huiita pia Rasini, iko upande wa kaskazini. Mtu mwenye miguu mizima huweza kutoka Pate baada ya sala ya alfajiri akafika Siyu adhuhuri ikiwa bado mbali, na kutoka hapo kwenda Faza ni karibu zaidi. Katika eneo hilo dogo, kwa muda usiotimia karne moja na nusu, walipita Bwana Mwengo wa Athumani, mwenye Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ya mwaka 1728 ni miongoni mwa hati kongwe kabisa za Kiswahili zilizosalia. Mwana Khadija, malkia aliyeitawala Pate katika miaka ya 1760. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, wa ukoo wa masharifu wa Sheikh Abubakar bin Salim waliotoka Hadhramaut, mtunzi wa Al-Inkishafi. Bwana Mataka, sheikh wa Siyu. Na Mwana Kupona mwenyewe, mzaliwa wa Pate aliyeolewa Siyu. Kuna miji mikuu yenye bandari, magazeti na vyuo ambayo ingejivuna kwa nusu ya watu hao.

Nianze na Al-Inkishafi, kwa kuwa ndiyo iliyodhulumiwa kwa namna isiyoonekana. Husomwa kana kwamba majumba yake yaliyohamwa, yenye taa za fahari zilizozimika na popo walioingia vyumbani, ni majumba ya mfano tu, yaliyobuniwa ili kumwonya mwenye ghururi, hali yeyote afikaye Pate leo huziona kuta za mji wa kale zimesimama katika mashamba ya tumbaku, na mkulima akipalilia miche yake pale palipokuwa ukumbi wa tajiri. Sayyid Abdallah hakubuni magofu. Aliyaona yakifanyika, maana vita vya ndani na kupungua kwa biashara vilikuwa vimekwisha kuutafuna mji uliopata kutisha pwani nzima. Tena, na hili ndilo nilitakalo msomaji alishike, Pate ilipokuwa ikishuka, Siyu ilikuwa ikipanda. Waliokimbia ubovu wa mji mmoja hawakuwa na haja ya kwenda mbali, na hata Wanabahani, wafalme wa Pate, Unguja ilipowabana walikimbilia Siyu, kabla Ahmad Simba hajahamia bara na kuusimamisha usultani wa Witu. Kwa hiyo kitabu kile kilikuwa kilio cha mji mmoja kilichosikika dhahiri katika mji wa pili, na watu wa Siyu waliokisoma hawakuhitaji ufafanuzi wa mwalimu.

Siyu yenyewe haikuwa kijiji cha wavuvi tu. Palikuwa na mafundi wa ngozi na viatu, maseremala wa viti vya fahari, wafua fedha, na juu ya wote waandishi wa misahafu, iliyonakiliwa kwa mkono na kupambwa kwa wino mweusi na mwekundu hata ikasifika pwani yote, na baadhi yake ingalipo katika makumbusho hadi leo. Ninapomsoma Mwana Kupona, mwanzoni mwa utendi wake, akimwambia bintiye alete wino na karatasi, sioni pambo la kishairi; namwona bibi aliyekuwa mke wa mkuu wa mji ambao vitabu vilikuwa kazi ya mikono ya watu, kama vile nyavu na majahazi.

Mji huo ulikuwa na vita. Bwana Mataka alikataa kutii amri ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja, na kwa miaka mingi Unguja, iliyokuwa na manowari na mizinga, haikuweza kumtoa. Sababu iko wazi kwa atazamaye ramani: merikebu kubwa haiwezi kuingia katika ule mkono wa bahari wenye mikoko, kwa hiyo jeshi la Sayyid lililokwenda katika miaka ya 1840 lilishuka Faza, likaingia njia ya vichaka kwa miguu, na watu wa Siyu, waliokuwa wakiijua kila kona ya njia hiyo, wakalivizia, likavunjika, na amiri wake Hammad bin Ahmad akauawa. Faza kumpokea adui wa Siyu si jambo la kustaajabisha, maana ujirani haukuwa mapenzi matupu. Faza ilikuwa na majeraha yake tangu mwaka 1587, Wareno walipomwua mkuu wake na kuifyeka minazi yake kwa kuwa alimkubali Amiri Ali Bey, Mturuki, na tokea hapo kila mji wa kisiwa kile ulijifunza kujitafutia himaya yake. Siyu haikushikwa sawasawa na Unguja mpaka zama za Sayyid Majid, mwanawe Sayyid Said, katika miaka ya 1860, nao watoto wa Bwana Mataka walikuwa bado wakishindana.

Baada ya hayo turejee kwenye wasia. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, na utendi ulitungwa mwaka 1858, na mjane wake Mwana Kupona ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa ameugua mwaka mzima. Anamsimulia binti yake, Mwana Hashima, jinsi alivyokaa na mumewe pasipo ugomvi, na jinsi mume huyo alivyoagana naye kwa radhi hata roho ilipomtoka. Mume huyo ndiye aliyelivunja jeshi la Sayyid Said. Binti huyo ni mtoto wa nyumba iliyokuwa ikiwindwa. Mama anayekaribia kufa katika hali hiyo, akimfundisha bintiye namna ya kukaa kwa heshima katika nyumba ya mume, kuchunga ulimi, na kuchagua watu wa kusuhubiana nao, hafundishi adabu za chumbani peke yake. Anamwachia silaha mtoto atakayebaki bila baba, bila mama, na pengine bila mji.

Wala sisemi kwamba Mwana Kupona alikuwa mtetezi wa haki za wanawake aliyejificha nyuma ya ushungi, kama wapendavyo baadhi ya wahakiki wa siku hizi. Aliyaamini aliyoyasema, na utii aliousifu aliusifu kweli. Ninalolalamikia ni kwamba wanaomsifu kwa kuwafunza wake adabu na wanaomlaani kwa jambo lilo hilo wanasoma karatasi moja iliyokatwa pande zote. Aliyeanza kukata, kwa insafu, hakuwa mmoja wetu. Muhammad Kijumwa wa Lamu, mwandishi hodari na fundi wa nakshi, ndiye aliyewanakilia Wazungu hati nyingi za kale. Alice Werner na William Hichens wakauchapa utendi huu mwaka 1934 kwa anwani ya Kiingereza iliyotaja wajibu wa mke, na tangu hapo anwani imeusomea umma kitabu kabla umma haujakifungua.

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni hufika huko kwa ndege. Pate na Siyu hufikiwa na wachache, kwa boti na kwa kuvumilia maji ya bahari. Ngome ya Siyu ilitengenezwa, na hilo ni jambo la shukrani, ijapokuwa ngome bila utendi ni kuta tu, kama vile utendi bila ngome ulivyogeuka kuwa mahubiri. Fedha zinazomwagwa upande huo wa pwani tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipofunguliwa mwaka 2021 ni nyingi kiasi cha kuweza kutoa kidogo kwa ajili ya kuwaandika wazee wa kisiwa kile wanaojua bado ni nyumba ipi ilikuwa ya nani, nao si wengi, wala hawazidi kuwa vijana.

Kwa watunzi wa vitabu vya shule ombi langu ni dogo zaidi. Mtaala utakapobadilika tena, kama ilivyo desturi yake, na waweke ramani ya Pate, Siyu na Faza kabla ya ubeti wa kwanza, pamoja na nusu ukurasa wa tarikhi ya kisiwa. Na wakisema kwamba nafasi ni haba, basi waondoe yale maswali yanayomtaka mwanafunzi ataje sifa tano za mke mwema, ambayo yamekwisha kukaa muda mrefu wa kutosha.