Mhadhiri, Nyamaza Kidogo

Ndugu zangu wahadhiri, liko neno moja linalozunguka vyuoni mwetu ambalo peke yake lingetosha kututia aibu: desa. Desa ni zile karatasi za mhadhara zinazotolewa kopi kwenye steshenari za nje ya geti, mwaka nenda mwaka rudi, mwanafunzi akazikariri usiku wa kuamkia mtihani. Ikiwa desa la mwaka juzi linatosha kumvusha wa mwaka huu, mwalimu anayesimama mbele saa mbili nzima anafanya kazi gani?

Mimi nimelelewa hivyo hivyo. Mzee wetu mmoja aliingia na karatasi zilizogeuka rangi ya chai, akasoma, nasi tukaandika. Alipokohoa tulipumzisha vidole. Nilipata alama nzuri sana. Leo kikohozi chake nakikumbuka, somo lenyewe silikumbuki.

Wala msidhani huu ni ugonjwa wa vyuo maskini. Eric Mazur alikuwa akifundisha fizikia Harvard, Marekani, na wanafunzi wakimsifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akawapa maswali mepesi, yasiyo na hesabu. Kwa mfano: lori zito likigongana na gari dogo, ni lipi linalomsukuma mwenzake kwa nguvu zaidi? Vijana waliozoea kukokotoa milinganyo mirefu wakaanguka hapo. (Nguvu ni sawasawa. Gari dogo, tuseme bajaji, huruka mbali kwa sababu ni nyepesi, si kwa sababu imesukumwa zaidi.) Mmoja akamwuliza ajibu vipi: kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe? Kumbe muhula mzima mawazo hayo mawili yalikaa katika kichwa kimoja bila kujuana hali!

Mazur akabadili mwendo. Anaeleza kidogo, anatoa swali lenye majibu ya kuchagua, kila mtu anafikiri peke yake na kupiga kura. Wakipatia wachache mno, anarudi kueleza. Wakipatia karibu wote, anasonga mbele. Wakigawanyika, kila mmoja humgeukia jirani yake na kumshawishi. Hapo ndipo ukumbi unapovuma kama mzinga. Aliyeelewa jana bado anakumbuka alikokwama, kwa hiyo humfikia mwenzake kwa njia ambayo profesa ameisahau kwa miaka thelathini. Kisha kura ya pili, ndipo mwalimu anafungua kinywa. Bibi zetu hawakutega kitendawili na kukitegua kwa pumzi moja. Kwanza walitaka wapewe mji.

Najua mtaniambia darasa lina watu mia nne na viti havitoshi. Kumgeukia jirani hakuhitaji kiti cha kuzunguka. Kura haihitaji mashine: vidole kifuani, kimoja ni A, viwili ni B, ili wa nyuma asichungulie. Mtaniambia pia kwamba silabasi haitaisha. Itaisha kwa nani? Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi vyuoni. Katika madarasa ya mhadhara mtupu walifeli wanafunzi karibu 34 kwa kila 100. Kwenye madarasa ambayo wanafunzi walishughulishwa, karibu 22. Hao kumi na wawili waliopona, kwetu ndio wangerudi kijijini wamedisko, na mkopo wa serikali ukiwasubiri.

Kizuizi kikubwa, kusema kweli, ni wanafunzi wenyewe. Utafiti mwingine, uliofanywa Harvard mwaka 2019, ulionyesha kwamba walioshughulishwa walijifunza zaidi, lakini wao wakahisi wamejifunza kidogo. Mhadhara mtamu humlaza mtu akidhani ameshiba. Basi waambieni mapema, wiki ya kwanza, kwamba jasho litakalowatoka ndiyo kazi yenyewe, na kwamba hamkuja kuwatupia mzigo ili mpumzike.

Na mtihani nao ubadilike. Muhula mzima mkawajadilisha kuhusu lori na bajaji, kisha siku ya mwisho karatasi ikaandikwa “Taja sifa tano za…”, kijana mwenye akili zake atarudi steshenari kutoa kopi. Mimi sitamlaumu.