Kuelekea AFCON 2027: Elimu na Afya ya Kocha ni Sehemu ya Maandalizi

Na Mwandishi Wetu

Septemba 27, 2023, Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika (CAF) lilizipa Tanzania, Kenya na Uganda dhamana ya kuandaa kwa pamoja Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Tangu siku hiyo mjadala wa maandalizi umetawaliwa na viwanja, barabara, hoteli na usafiri. Ujenzi wa uwanja mpya jijini Arusha, uliokusudiwa kuchukua watazamaji 30,000, ni miongoni mwa kazi ambazo wananchi wamezifuatilia kwa karibu.

Hata hivyo, ipo sehemu ya maandalizi isiyoonekana kwa urahisi machoni pa mpita njia, nayo ni mwalimu wa mchezo, yaani kocha. Wachezaji watakaovaa jezi ya Taifa katika miaka ijayo wako mikononi mwa makocha wa vituo vya vijana, na mikononi mwa walimu wa shule za msingi na sekondari wanaoandaa timu za UMITASHUMTA na UMISSETA. Ubora wa kazi yao hutegemea mambo mawili: maarifa yanayohuishwa mara kwa mara, na mwili wenye uwezo wa kuyafikisha maarifa hayo uwanjani. Jambo la kwanza tayari lina mfumo. La pili, kwa sehemu kubwa, limeachwa kuwa shauri la kocha mwenyewe.

Leseni ni mwanzo wa safari

Msingi wa kisheria wa usimamizi wa michezo nchini ni Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa Namba 12 ya mwaka 1967, iliyoanzisha Baraza la Michezo la Taifa (BMT). Kwa upande wa elimu, Serikali inacho Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kilichopo wilayani Kwimba, mkoani Mwanza, kinachoandaa wataalamu wa michezo mbalimbali. Katika soka, makocha hupanda ngazi za leseni zinazotambuliwa na CAF, kuanzia D, kisha C, B na A, hadi kufikia leseni ya juu ya Pro.

Ngazi hizo zina faida iliyo wazi. Mzazi anayempeleka mtoto wake kituoni, au klabu inayotafuta mwalimu, hupata kipimo cha pamoja cha kuamua nani ana sifa gani. Lakini cheti husema kile ambacho kocha alikijua siku ya mtihani. Baada ya miaka mitano kanuni za mchezo huwa zimefanyiwa marekebisho, mbinu za mazoezi zimebadilika, na uelewa wa namna ya kumlinda mtoto uwanjani umepanuka. Kocha asiyerudi darasani huendelea kufundisha alivyofundishwa yeye, pamoja na makosa ya enzi zake.

Barani Ulaya, Shirikisho la Mpira wa Miguu la bara hilo (UEFA) limelikabili suala hilo kwa kuipa leseni ukomo. Leseni ya kocha hudumu miaka mitatu, na ili kuihuisha, mwenye nayo hutakiwa kuwa amehudhuria mafunzo endelevu yasiyopungua saa 15 katika kipindi hicho. Saa 15 kwa miaka mitatu ni wastani wa saa tano kwa mwaka. Ni muda unaoweza kupatikana hata kwa mwalimu wa shule mwenye vipindi vingi, endapo mafunzo yatasogezwa karibu naye katika ngazi ya wilaya.

Kazi inayodai mwili

Upande wa pili wa suala hili huzungumzwa kwa nadra. Ukocha ni kazi yenye mazingira magumu kwa afya. Mazoezi hufanyika alfajiri na jioni, chakula huliwa saa zisizo za kawaida, na safari za ugenini humaanisha kukaa kwenye basi kwa saa nyingi. Wakati wa mchezo kocha husimama pembeni ya uwanja akiwa na msukumo mkubwa wa mawazo, na matokeo yakiwa mabaya huondoka na lawama nyumbani. Wengi ni wachezaji wa zamani waliozoea kula chakula cha mtu anayekimbia kila siku. Wanapostaafu kucheza, mbio hupungua ilhali sahani hubaki vilevile.

Historia ya soka ina kumbukumbu za kusikitisha katika eneo hili. Septemba 10, 1985, Jock Stein, kocha wa Timu ya Taifa ya Scotland, alianguka mwishoni mwa mchezo dhidi ya Wales mjini Cardiff na kufariki dunia akiwa na umri wa miaka 62. Oktoba 2001, Gérard Houllier wa Liverpool aliugua ghafla wakati wa mapumziko ya mchezo dhidi ya Leeds United, akafanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo, na akawa nje ya benchi kwa takribani miezi mitano. Barani Afrika, Juni 2016, Nigeria iliwapoteza makocha wake wawili wa zamani ndani ya siku chache: Stephen Keshi aliyekuwa na umri wa miaka 54, mshindi wa Kombe la Mataifa ya Afrika akiwa nahodha mwaka 1994 na akiwa kocha mwaka 2013, na Shuaibu Amodu aliyekuwa na umri wa miaka 58.

Matukio hayo hayathibitishi kwamba ukocha ndio uliosababisha maradhi au vifo hivyo. Yanachokumbusha ni kwamba mtu anayesimamia afya na mazoezi ya wengine anaweza kupita miaka mingi bila yeye mwenyewe kupimwa. Shinikizo la juu la damu mara nyingi halina dalili. Mhusika hulitambua kwa kipimo, au hulitambua likiwa limekwisha kuleta madhara.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kusimama na filimbi kwa saa mbili hakutimizi kiwango hicho. Nchini, kampeni ya kitaifa ya mazoezi iliyozinduliwa Desemba 2016 na Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, iliwahimiza wananchi wote kufanya mazoezi ili kujikinga na magonjwa yasiyoambukiza. Kocha ni mwananchi pia, na wito huo unamhusu kama unavyomhusu mtumishi wa ofisini.

Dakika mbili za kuokoa maisha

Umuhimu wa utimamu wa mwili wa kocha hauishii kwa kocha mwenyewe. Katika viwanja vingi vya kata na shule hakuna daktari wala gari la wagonjwa. Mchezaji akianguka ghafla na moyo wake kusimama, mtu mzima aliye karibu zaidi ni kocha.

Juni 26, 2003, kiungo wa Cameroon, Marc-Vivien Foé, alianguka katikati ya uwanja mjini Lyon na kufariki dunia. Juni 12, 2021, Christian Eriksen wa Denmark alianguka mjini Copenhagen, lakini alikandamizwa kifua mara moja na kushtuliwa moyo kwa mashine, akaokoka na hatimaye akarejea uwanjani. Kila tukio lina mazingira yake ya kitabibu, lakini wataalamu wa huduma ya dharura wanakubaliana kuhusu jambo moja: kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi ya mgonjwa kupona.

Mwongozo wa huduma hiyo unataka kifua cha mtu mzima kikandamizwe kwa kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na watoa huduma wapokezane kila baada ya dakika mbili kwa sababu kazi hiyo huchosha haraka. Hapa ndipo elimu na mwili wa kocha vinapokutana. Mwenye ujuzi asiye na pumzi atashindwa kuendelea hadi msaada ufike, na mwenye nguvu asiye na ujuzi hatajua aanzie wapi.

Kipimo kisiwe kikwazo

Zipo hoja mbili za tahadhari ambazo hazipaswi kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba sharti la afya linaweza kuwaondoa makocha wanaojitolea, ambao ndio nguzo ya michezo vijijini. Ya pili ni kwamba utimamu wa mwili unaweza kugeuzwa kisingizio cha kuwatenga wazee, watu wenye ulemavu, au wanawake wanaorejea kazini baada ya kujifungua.

Jibu la hoja ya pili lilionekana katika Kombe la Dunia la mwaka 2018. Óscar Tabárez, akiwa na umri wa miaka 71 na akitembea kwa msaada wa gongo kutokana na maradhi ya neva, aliiongoza Uruguay hadi robo fainali. Asingeweza kushinda mbio na mchezaji wake yeyote, lakini kazi yake aliitimiza. Kwa hiyo kipimo sahihi hakiwezi kuwa uzito au kasi. Kipimo ni kama kocha anaijua hali ya afya yake, anaitunza kwa kadiri ya uwezo wake, na amejipanga na wasaidizi wake kwa yale asiyoweza kuyafanya peke yake.

Kuhusu hoja ya kwanza, njia iliyo nafuu ni kuanza na fursa kabla ya sharti. Kozi za makocha tayari hukusanya watu mahali pamoja kwa siku kadhaa. Kupima shinikizo la damu na sukari katika siku ya kwanza ya kozi, kwa kushirikiana na mganga wa wilaya, hakuhitaji jengo jipya. Majibu yabaki kuwa siri ya kocha na mtoa huduma, na yasitumike kumpa au kumnyima leseni. Nusu siku ya mafunzo ya huduma ya kwanza kwa vitendo inaweza kuwa sehemu ya saa za mafunzo endelevu. Aidha, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi ambao kocha asiye na mwajiri rasmi anaweza kunufaika nao sawa na mwananchi mwingine.

Wajibu wa kila upande

Kwa vyama vya michezo na halmashauri, kazi iliyopo ni kuyafanya mafunzo rejea kuwa ratiba ya kila mwaka badala ya tukio linalosubiri mfadhili. Kwa viongozi wa vilabu, ni kumpa kocha muda wa kusoma na kupumzika, na kuacha kuhesabu mapumziko yake kama uvivu. Kwa kocha mwenyewe, hatua ya kwanza haina gharama kubwa: kujua kiwango chake cha shinikizo la damu, na kutenga muda wa mazoezi yake binafsi nje ya muda wa kuwafundisha wengine.

Wazazi nao wana nafasi. Kabla ya kumkabidhi mtoto kituoni, wana haki ya kuuliza kocha ana leseni ya ngazi gani, lini mara ya mwisho alihudhuria mafunzo, na nani uwanjani hapo anajua kutoa huduma ya kwanza. Maswali hayo yakiulizwa kwa heshima katika kila kata, yatasukuma mabadiliko hata kabla ya kanuni mpya kuandikwa.

Fainali za mwaka 2027 zitachezwa kwa wiki chache na wageni watarejea makwao. Jumatatu itakayofuata, katika uwanja wa shule wenye magoli ya miti, kocha atapanga koni zake na kuwaita watoto. Uimara wake siku hiyo, wa akili na wa mwili, utaonesha sehemu ya faida ambayo nchi imeipata kwa kuandaa mashindano hayo.